Simu ya mezani Uingereza inazimwa: barua tatu, kisanduku kimoja na usiku wa baridi

Baridi ikianza tu, hazipiti siku nyingi kabla mtu hajatuma picha ya barua kwenye kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa hapa mjini na kuuliza: "Jamani, hii ya kweli au matapeli?" Barua zenyewe ni za aina tatu. Ya kwanza inasema simu ya mezani inahamishiwa kwenye mfumo wa dijitali. Ya pili inasema mtandao wa 3G umezimwa. Ya tatu inatoka kampuni ya umeme, inataka kubadilisha mita kwa sababu mawimbi ya redio yanayoiongoza yamefika mwisho. Zikishapita mikono mitatu zinageuka habari moja: Uingereza inazima simu zote Januari. Kuna mwenzetu alishampigia mama mkwe wake aliye Tanga kumuaga mapema, asije akashangaa laini imekufa.

Barua zote tatu ni za kweli. Lakini ni mambo matatu tofauti, na lile lililo kubwa zaidi kwa mtu anayeishi na mzee au mgonjwa, au anayefanya kazi ya kea, yaani kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani, kama mimi, halimo kwenye barua hata moja. Nalo ni hili: umeme ukikatika usiku wa Januari, nini ndani ya nyumba kitabaki hai?

Simu iliyokuja na umeme wake

Simu ya mezani ya zamani ni jozi ya nyaya nyembamba za shaba zinazotoka nyumbani kwako hadi kwenye jengo la kampuni ya simu, ambalo hapa nitaliita kituo. Ukinyanyua mkono wa simu, nyaya hizo zinakutana, umeme mdogo unaanza kupita, na kituo kinajua kwamba kuna mtu anataka kuongea. Ule mlio mrefu unaousikia sikioni ni kituo kikikujibu: haya, piga.

Umeme huo hautoki kwenye soketi yako. Unatoka kituoni, kwenye chumba cha betri kubwa zinazotoa volti 48 hadi 50, sawasawa na betri nne za gari zilizofungwa moja nyuma ya nyingine. Betri zinachajiwa na gridi, na gridi ikikata kuna jenereta ya dizeli. Ndiyo maana mtaa mzima ungeweza kuwa gizani na simu bado ikaita. Waliokuwa na simu ya TTCL sebuleni miaka ya tisini wanaikumbuka hali hiyo: umeme hakuna, kibatari kinawaka, simu inalia. Na inapolia, kituo huongeza volti ili kengele igonge; fundi aliyekuwa ameshika nyaya kwa vidole wakati huo aliruka, kisha akacheka mwenyewe.

Uingereza, mtandao huu wa shaba unajulikana kwa kifupi cha PSTN. Mitambo yake mingi ni ya ukoo wa System X, na mtambo wa kwanza wa ukoo huo uliwashwa London mwaka 1980. Vipuri vyake vimekuwa adimu na mafundi walioujua vizuri wanastaafu mmoja mmoja. Tangu Septemba 2023 laini mpya za aina hiyo haziuzwi tena. Tarehe ya kuuzima kabisa ilikuwa mwisho wa 2025, ikasogezwa hadi 31 Januari 2027. Uholanzi na Estonia zilishamaliza zamani, kwa hiyo Waingereza hawajaanzisha jambo la ajabu.

Kwetu Afrika Mashariki mengi ya haya hatukuyaona. Nyaya ziliibwa zikayeyushwa, simu za mkononi zikaingia, na simu ya mezani ikafa kimyakimya bila barua. Nadhani ndiyo maana barua hizi zinatuchanganya: hatujazoea kuarifiwa kwamba kitu kinakufa.

Kinachozimwa na kinachobaki

Namba yako inabaki. Mara nyingi hata simu yenyewe inabaki. Unaichomoa ukutani na kuichomeka nyuma ya ruta, kile kisanduku cha intaneti, basi. Sauti yako inakatwa vipande vidogovidogo, inasafiri kwa njia ya intaneti na kuunganishwa tena upande wa pili, kama vile WhatsApp inavyofanya, isipokuwa hapa una namba ya kawaida ambayo daktari anaweza kuipiga. Zile simu za kuzungusha namba kwa kidole ndizo zenye mashaka, kwa kuwa ruta nyingi hazielewi lugha yao.

Wanaosema "watakuja kung'oa nyaya" wamekosea. Nyumba nyingi zinapata intaneti kwa waya huohuo wa shaba kutoka kwenye kabati la kijani pembeni mwa barabara. Waya unaweza kukaa miaka. Kinachokoma ni huduma ya zamani inayopita juu yake. Wanaosema "lazima ununue intaneti" nao wamekosea, kwa sababu kampuni kubwa zina utaratibu wa kumpa simu peke yake mteja asiyehitaji zaidi ya hapo. Na akipiga mtu simu akitaka namba za kadi yako ya benki "ili usikatiwe laini", huyo ndiye tapeli uliyekuwa unamtafuta kwenye barua.

Kioo hakipitishi umeme

Hapa ndipo penyewe. Waya mpya unaoingia majumbani ni nyuzi za kioo. Ndani yake hupita mwanga. Kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo hata kituo kikitaka kukulishia simu yako kama zamani, hakina njia. Simu sasa inategemea ruta, ruta inategemea soketi, na nyumba iliyofungiwa nyuzi hadi ndani ina kisanduku kingine kidogo ukutani, nacho kinataka soketi. Umeme ukikatika vyote vinalala pamoja.

Sasa linganisha na joto. Nyumba nyingi za Uingereza hupashwa kwa boila ya gesi inayochemsha maji na kuyazungusha kwenye rejeta za ukutani. Ndiyo, rejeta, jina lilelile la ile ya kwenye gari, na kazi yake inafanana. Watu hudhani kwamba kwa kuwa ni gesi, umeme ukikatika joto litaendelea. Haliendelei. Pampu inayosukuma maji ni ya umeme. Cheche ya kuwashia ni ya umeme. Feni inayotoa moshi na kidude cha ukutani cha kupangia joto, vivyo hivyo. Gesi ipo kwenye bomba, boila imekaa kimya kama mtungi uliopotelewa na kiberiti.

Zamani, basi, usiku mmoja ukikosa umeme ulikosa joto lakini ulikuwa na simu ya kuomba msaada. Leo pigo moja linachukua vyote viwili.

Si jambo la kufikirika. Usiku wa 26 kuamkia 27 Novemba 2021, dhoruba iliyopewa jina la Arwen iliangusha miti na nguzo kaskazini mwa Uingereza na Uskoti. Nyumba kama milioni moja zilikosa umeme, na karibu 4,000 kati yake zilikaa bila umeme zaidi ya wiki nzima, kwenye baridi ya kuganda. Minara ya simu za mkononi nayo iliishiwa betri. Miezi michache baadaye, Machi 2022, kampuni kubwa ya simu ya BT ilisimamisha kwa muda kuwahamishia wateja wake kwenye simu ya dijitali.

Sheria inasemaje? Ofcom, mamlaka ya mawasiliano, inazitaka kampuni zimpe mteja anayetegemea simu ya mezani njia ya kupiga 999, namba ya dharura, kwa angalau saa moja baada ya umeme kukatika, na bila malipo kwa aliye katika hali ya hatari: asiye na simu ya mkononi, au anayeishi mahali ambapo mtandao haushiki. Njia hiyo huwa betri ya akiba, au simu yenye laini ya mkononi ndani yake. Saa moja inatosha kwa katiko la kawaida. Kwa wiki ya Arwen, saa moja ni kijiko cha uji. Hayo ni maoni yangu, lakini sijakutana na mtu wa vijijini Northumberland, huko kaskazini, anayeyapinga.

Ukipewa betri, uliza swali hili: inalisha nini? Kwenye nyumba ya nyuzi za kioo lazima ilishe ruta na kile kisanduku cha ukutani pia. Ikilisha ruta peke yake umepata taa za kijani zinazowaka bure.

Kitufe cha shingoni

Wazee wengi huvaa kitufe kidogo shingoni au mkononi. Wakianguka wanakibonyeza, kisanduku kilicho mezani kinapiga simu kwenye kituo cha dharura, na mtu anaongea nao kupitia spika. Serikali inakadiria kuwa watu milioni 1.8 wanatumia vifaa vya aina hii. Vingi vilitengenezwa kwa ajili ya waya wa shaba: huongea kwa milio, na milio hiyo ikikatwakatwa na kupitishwa kwenye intaneti inaweza kufika imepondeka, kituo kisiielewe. Baada ya matukio mabaya ya vitufe kutojibu, Desemba 2023 kampuni kubwa za simu zilitia saini makubaliano na serikali ya kutowahamisha watu kwa lazima hadi wahakikishe walio hatarini wamelindwa.

Nina bibi mmoja ninayemhudumia asubuhi na jioni. Walipobadilisha laini yake hakuna aliyemuuliza kama ana kitufe. Siku ya tatu nilimwambia tujaribu. Akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka, kisanduku kikaanza kupiga, kikapiga, kikanyamaza. Tukajaribu tena, kimya. Kwa siku tatu alikuwa amevaa mkufu.

Hizo barua nyingine mbili

Ya 3G ni nyepesi. Ni suala la simu za mkononi, halihusiani na waya wowote. Kampuni za hapa zimekuwa zikizima 3G tangu 2023 ili masafa yake yatumike kwa 4G na 5G. Simu za zamani hurudi kwenye 2G kwa sauti na ujumbe, na 2G yenyewe kampuni zimekubaliana na serikali kwamba haitavuka 2033. Kama una simu ya kawaida ya 4G huna la kufanya. Ila ukimnunulia mzee kitufe kipya chenye laini ndani, uliza kama kinatumia 4G, usije ukanunua kitu cha kuzikwa baada ya muda mfupi.

Ya mita ni nzito kuliko inavyoonekana, maana inagusa joto moja kwa moja. Nyumba zisizo na gesi, hasa fleti na vijijini, nyingi hupashwa na vipasha-joto vya tofali. Ndani ya kabati la bati kuna matofali mazito. Usiku, umeme ukiwa wa bei ya chini, matofali yanapashwa. Mchana yanaachia joto polepole. Ni akili ileile ya mafiga: liguse alfajiri figa lililopikiwa jana usiku, bado lina uvuguvugu.

Nani anaiambia mita kwamba sasa ni saa za bei ya chini? Tangu miaka ya themanini kazi hiyo imefanywa na redio. Ishara ndogo isiyosikika ilipandishwa juu ya matangazo ya BBC Radio 4 ya masafa marefu, kilohezi 198, kutoka mtambo wa Droitwich, England, na minara miwili ya Uskoti. Watu wakisikiliza taarifa ya habari, chini yake mita zilikuwa zinapewa amri. Mitambo hiyo nayo imezeeka, na kuanzia 30 Juni 2025 huduma ilianza kuzimwa kwa awamu. Mita isiyobadilishwa inaweza kukwama: matofali yasipate moto kabisa, au yachemke mchana kutwa kwa bei ya juu. Kwa hiyo barua hii usiitupe. Kubadilishiwa mita hulipii.

Na kama umehamia fleti yenye vipasha-joto hivyo, angalia vitasa viwili vilivyo juu. Kimoja kinaamua usiku matofali yale joto kiasi gani, kingine kinaamua yaliachie kwa kasi gani. Wageni wengi hufungua vyote hadi mwisho. Joto linamwagika usiku wa manane ukiwa umelala, ikifika jioni unakumbatia bati baridi na kuilaumu kampuni.

Kukaa na joto, na hadithi zinazotuponza

Shirika la afya la hapa, NHS, linashauri vyumba unavyovitumia zaidi visishuke chini ya nyuzijoto 18, hasa kwa mwenye miaka 65 na zaidi au mwenye maradhi. Baridi haimuui mzee kwa kumgandisha tu kama tunavyowaza. Inabana mishipa, shinikizo la damu linapanda, damu inakuwa nzito. Moyo na kiharusi ndivyo vinavyomchukua. Mwili ukishuka chini ya nyuzijoto 35 mtu huanza kuchanganyikiwa, anaongea kilevi, wakati mwingine anaacha hata kutetemeka. Ukimkuta hivyo usimsugue miguu, piga 999.

Hadithi ya kwanza: ni nafuu kuacha joto limewaka kidogo kutwa nzima. Kwa nyumba nyingi za boila si kweli. Nyumba ni ndoo yenye matundu. Kadiri unavyoiweka imejaa muda mrefu ndivyo maji yanavyovuja mengi. Washa unapolihitaji, na zibeni matundu: taulo lililokunjwa chini ya mlango, pazia zito jioni, kochi lisogezwe mbali na rejeta. Nimeona makochi yaliyopashwa vizuri kuliko wenyewe.

Hadithi ya pili: kinywaji kikali kinapasha mwili. Kinapasha ngozi. Mishipa ya juu inafunguka, unahisi moto, na joto la ndani linatoka nje.

Ya tatu ndiyo inayoua, na hii tunakuja nayo kutoka nyumbani. Njombe, Makete, Limuru, msimu wa baridi, jiko la mkaa linaingizwa chumbani na mlango unafungwa. Mkaa unaoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoshika damu mahali ambapo oksijeni ingekaa. Unaumwa kichwa, unasinzia, huamki. Nyumba za Ulaya zimezibwa kuliko za kwetu, kwa hiyo hatari ni kubwa zaidi. Umeme ukikatika usiingize jiko la mkaa ndani, wala jiko la kuchomea nyama, hata ukifungua dirisha kidogo.

Cha salama ni cha kawaida mno: nguo kadhaa nyembamba juu ya mwili kuliko koti moja zito, soksi na kofia kitandani, wote kukusanyika chumba kimoja, chai kwenye chupa. Chupa ya mpira ya maji ya moto nayo inafaa, ila usimimine maji yanayochemka, na usijaze zaidi ya robo tatu. Tazama shingoni mwake: kuna ua dogo lililochorwa, katikati ya ua pana tarakimu za mwaka iliotengenezwa. Ikipita miaka miwili tangu uanze kuitumia, nunua nyingine, kwa sababu mpira mkongwe hupasuka mapajani.

Na kabla giza halijaja, kuna simu mbili za kupiga. Ya kwanza kwa kampuni ya umeme, uombe jina la mzee au mtoto mchanga wa nyumba hiyo liingizwe kwenye orodha ya wateja wa kipaumbele. Ni bure, na wakati wa dhoruba ndio wanaopigiwa na kufikiwa kwanza. Ya pili kwa kampuni ya simu, uwaambie waziwazi: hapa kuna kitufe cha dharura. Namba ya kuripoti umeme uliokatika ni 105. Iandike kwenye karatasi, ukutani, maana iliyohifadhiwa kwenye simu iliyokwisha chaji ni sawa na haipo. Anayepokea mafao fulani ya serikali, isipokuwa Uskoti yenye utaratibu wake, hulipwa pia pauni 25 kwa kila siku saba mfululizo ambazo wastani wa joto mtaani kwake uko sifuri au chini, kati ya Novemba na Machi.

Bibi alikuja kuletewa kisanduku kipya chenye laini ya simu na betri yake ndani. Fundi alikiweka, akaonyesha taa ya kijani, akaondoka. Jioni yake nilikichomoa kwenye soketi, nikachomoa na ruta, nikazima na joto ili iwe kama kweli. Bibi akabonyeza. Tukakaa tunatazamana, nusu dakika hivi. Kisha sauti ya mwanamke ikatoka mezani, ikamuita jina lake, ikamuuliza kama yuko salama. Akasema yuko salama, isipokuwa huyu kijana amenizimia rejeta na miguu yangu ni ya baridi. Nikaenda jikoni kupasha maji.